Diodi mbili zilizokufa Chake Chake: kisa cha kidhibiti cha leza

"Fundi, ya pili nayo imekufa."

Hivyo ndivyo Maalim alivyoianza simu yake, usiku baada ya Isha, na salamu zikafuata nyuma. Kwa miaka yote niliyomfahamu hajawahi kunipa habari kabla ya kuniuliza hali ya wazee, nikajua jambo limemkaa moyoni. Diodi za leza, vile vipande vidogo vinavyotoa mwanga wa leza vikipewa umeme, alikuwa ameagiza tatu. Ya kwanza ilikufa siku ya nne, ya pili ilikufa siku ya pili. Iliyobaki ameifungia kabatini na ufunguo anao mfukoni.

Nilimwomba jambo moja tu: asiguse kitu. Asichomoe, asipanguse, asipange, hata kama meza inamtia aibu. Fundi akikuta meza imesafishwa kwa ajili ya kumpokea, nusu ya ushahidi imeshakwenda jaani. Jumamosi alfajiri nikapanda boti Malindi, nikashukia Mkoani, na baada ya adhuhuri nikawa nimesimama Chake Chake, kwenye maabara yake, mbele ya ile meza.

Kwanza niseme leza ilikuwa ya nini, maana mtu anaweza kudhani ni anasa. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kikavuka hadi Pemba, na leo akina mama wengi wa pwani ndio wanaokiendesha. Bahari ikipata joto, mwani hupauka, ncha zake huwa nyeupe na kukatika. Maalim na wanafunzi wake walitaka kuiona dalili mapema, kabla jicho halijauona weupe. Klorofili ikipigwa mwanga wa zambarau hurudisha mwanga mwekundu wa wimbi la karibu nanomita 685, na kiasi cha wekundu huo hubadilika mmea unapokuwa taabuni. Kwa hiyo walihitaji mwanga wa zambarau ulio thabiti, usiopanda na kushuka, wa nanomita 405. Diodi ya leza inaufaa sana ulinganisho wa namna hiyo, kwa sharti kwamba mkondo unaoilisha nao uwe thabiti. Hapo ndipo kidhibiti kinapoingia.

Kidhibiti walichokuwa nacho kilikuwa cha msaada, kimetumika, kimetengenezwa kwa soko la Marekani. Kisanduku cha chuma chenye skrini mbele, kitufe cha kuzungusha, swichi ya ufunguo, upande mmoja wa kulisha leza na upande mwingine wa kuendesha kipoza cha Peltier, kile kibati kinachopoza upande mmoja kikipewa umeme. Kifaa kizuri mno. Kilikuja bila kitabu chake, bila waya zake na bila kiunganishi chake cha nyuma. Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimelikuta mara nyingi: msaada wa kifaa bila waya na karatasi zake ni nusu ya kifaa, na ile nusu iliyokosekana ndiyo inayoua.

Nilianzia ukutani, si kwenye leza. Soketi moja, ekstensheni moja ya matundu manne. Kwenye ekstensheni hiyo kulikuwa na friji ya sampuli, kompyuta, feni, na transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 230 hadi 110, kwa sababu Maalim aliona nyuma ya kidhibiti pameandikwa 115. Alifanya la busara kwa alichokiona. Lakini transfoma ile ilikuwa ya zile za dukani zenye plagi ya pini mbili. Waya wa ardhini, ule mafundi tunaouita ethi, uliishia hapo. Kidhibiti cha chuma kilichoundwa kifungwe ethi kilikuwa kinaelea.

Niliuliza, "Maalim, ukikigusa kisanduku kwa mgongo wa mkono, hakikutekenyi?"

"Kinatekenya kidogo. Nikadhani ni kawaida ya vitu vya umeme."

Nikachukua mita, ncha moja kwenye kisanduku, nyingine kwenye ethi ya soketi. Volti 55 hivi. Karibu kila fundi anaijua namba hiyo hata kama hajapata kujua sababu yake. Ndani ya mlango wa umeme wa kifaa kuna kichujio chenye kapasita mbili ndogo, vile vipuri vinavyohifadhi umeme kidogo, moja kutoka kila waya kwenda kwenye bati la kisanduku. Bati lisipokuwa na ethi, kapasita hizo hugawana umeme katikati, na bati linasimama kwenye nusu ya volteji. Mkondo wake ni mdogo, kwa kawaida haumuui mtu, ila diodi ya leza haina ngozi nene kama sisi. Bomba la diodi, yaani ganda lake la chuma, lilikuwa limeshikwa kwenye kipande cha alumini, na alumini imekaa juu ya meza ya chuma. Kila mtu aliyekuja kugusa meza na huku ameshika kompyuta, au aliyesogeza waya, aliwapa umeme ule njia ya kushukia ardhini, na njia yenyewe ilipita pale pasipotakiwa.

Nikakigeuza kidhibiti. Chini ya tundu la plagi palikuwa na kidroo cha fyuzi chenye kipande kidogo cha kuchagua volteji: 100, 115, 220, 230. Kilikuwa kimewekwa 115. Haikuhitajika transfoma hata siku moja. Ilitakiwa kuchomoa waya, kutoa kidroo, kugeuza kipande kisomeke 230, na kubadilisha fyuzi, kwa sababu kwenye volteji mara mbili kifaa hunywa takriban nusu ya mkondo, na ile fyuzi ya zamani ingekuwa kubwa kupita kiasi. Thamani yake imechapwa palepale kwenye bati la nyuma. Mtu ayasome maandishi hayo kabla hajachomeka chochote, kwa sababu kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kifaa kilichowekwa 115 kikichomekwa moja kwa moja kwenye 230, unaweza usipate hata nafasi ya kujutia.

Nikaiweka transfoma pembeni. Friji nikaitafutia soketi ya ukuta wa pili. Friji inapoanza na kuacha hutupa vishindo kwenye waya, na sioni sababu ya kushirikisha vishindo hivyo na kitu kinachopimwa kwa miliampea.

Hapo sikuwa nimefika kwenye chanzo. Ningekuwa fundi mwenye haraka ningesema ethi ndiyo iliyoua, nikala chakula, nikarudi Mkoani. Ethi ilikuwa hatari, na kwa afya ya mtu ilikuwa ya kwanza kurekebishwa. Ila diodi zenyewe zilikuwa na maelezo mengine.

Nilimwomba Maalim anieleze zilivyokufa, si lini. Akasema hazikuzima. Zilibaki zinatoa mwanga wa zambarau, lakini hafifu, umetawanyika kama wa taa ndogo ya kawaida, na hata akiongeza mkondo mwanga haukupanda. Binti mmoja mwanafunzi akaongeza neno la thamani kubwa: "Zile chembechembe zinazometameta kwenye ukuta zilipotea." Namshukuru kwa jicho lake. Mwanga wa leza ukipiga ukuta huonyesha chembechembe zinazocheza, mwanga wa taa ya kawaida hauzionyeshi. Chembe zikipotea na huku mwanga ungalipo, diodi imeacha kuwa leza. Mara nyingi maana yake ni kwamba kioo chembamba cha mdomo wake, kile kinachorudisha mwanga ndani ili ujijenge, kimeungua. Uso wenyewe ni mdogo kuliko upana wa unywele, na mwanga wote hupitia hapo. Mkondo ukiruka juu kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, mwanga nao unaruka, uso unayeyuka, basi. Hakuna moshi wala harufu. Joto la kazi huizeesha diodi polepole, kwa wiki na miezi. Iliyokufa ghafla na kubaki inang'aa hivyo imepigwa na kishindo.

Basi kishindo kilitoka wapi?

Jibu lilikuwa linaning'inia mezani mbele ya macho ya wote. Kwa kuwa kiunganishi cha nyuma hakikuja, waya za kutoka kwenye kidhibiti zilimalizikia kwenye klipu za meno, zile zenye mdomo kama wa mamba, na klipu ndizo zilizong'ata miguu ya diodi. Nikazitazama kwa kioo cha kukuzia. Meno yalikuwa na kutu ya kijani. Chake Chake iko kichwani mwa mkono wa bahari, madirisha ya maabara yako wazi kwa sababu kiyoyozi kimeharibika, na upepo unaoingia una chumvi. Shaba haichukui muda kuota ukijani katika hewa hiyo. Juu ya meza hiyohiyo feni ilikuwa inazunguka.

Nitaeleza kwa nini klipu inayolegea ni mbaya kuliko waya uliokatika kabisa. Diodi ya leza hailishwi volteji, inalishwa mkondo. Kazi ya kidhibiti ni kusukuma, tuseme, miliampea 70, na kupandisha volteji kadiri inavyohitajika mpaka 70 zipite. Diodi hii ya zambarau ikifanya kazi inakaa karibu na volti 5. Klipu ikiachia kidogo, mkondo unakatika, na kidhibiti kwa uaminifu wake wote kinaongeza volteji kuutafuta ule mkondo uliopotea. Kinafika mwisho wa uwezo wake, chetu kilikuwa volti 8, na kapasita iliyo kwenye mlango wa kutokea inajaa volti hizo 8. Kisha feni inageuka, meza inatikisika, klipu inagusa tena. Kapasita yote inajimwaga ndani ya diodi kwa mara moja, na kidhibiti hakina mbio za kuizuia. Vifaa vingi vizuri hugundua kwamba njia imekatika na kujizima vyenyewe, ila kukatika kwa muda mfupi mno hupita bila kugunduliwa.

Hayo yalikuwa dhana. Sikutaka kumwambia Maalim dhana na huku amebakiwa na diodi moja. Nikatoa kwenye mkoba wangu diodi ya uongo.

Ndivyo ninavyoiita, na kama msomaji atachukua kitu kimoja katika kisa hiki ningependa kiwe hicho. Ni diodi saba za kawaida za 1N4007, zile za kila duka la vipuri, zimefuatana mstari mmoja. Kila moja hula takriban volti 0.7, kwa hiyo zote saba hukaribia volti 5, sawasawa na leza ya zambarau. Mwishoni nimeunganisha rezista ya omu 1. Kila milivolti moja ninayoisoma kwenye rezista hiyo ni miliampea moja. Bei yake haifiki ya soda tatu za barafu, na haina jicho la kupofua mtu wala kioo cha kuungua. Lolote unalotaka kukijaribia kidhibiti, kijaribie hapo.

Tukaifunga kwa klipu zilezile za kijani. Nikaweka osiloskopu ndogo ya betri, chombo kinachochora mwendo wa umeme kwenye skrini, kwenye rezista. Nasisitiza ya betri, kwa sababu ile ya kuchomekwa ukutani klipu yake ya chini imeunganishwa na ethi, na ukiibana pahala pasipofaa katika saketi unatengeneza njia ya mkato ambayo kidhibiti hakiioni. Mkondo nikauweka 70. Mstari ukalala tuli kwenye skrini, mzuri kama maji ya ndoo. Nikamwambia binti apige meza kidole kimoja, taratibu.

Mstari ukaanguka hadi sifuri, ukaruka juu ukatoka nje ya skrini, ukarudi 70. Yote yamekwisha kabla mtu hajasema lolote. Skrini ya kidhibiti haikubadilika hata tarakimu moja, ilisoma 70 muda wote.

Maalim alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe mimi nilikuwa naangalia namba."

Simlaumu, na sitaki msomaji amlaumu. Namba ya skrini ni wastani wa polepole. Hakuna mtu ambaye angeona kishindo kile kwa macho.

Kulikuwa na jambo la pili lililofungua mlango kwa la kwanza. Kidhibiti kina mpaka wa mkondo, kipimo ambacho hakitavuka hata ukizungusha kitufe mpaka mwisho. Mpaka huo ulikuwa umeachwa pale mwenye kifaa wa mwanzo alipouacha, miliampea 500. Karatasi ya diodi hii inasema inaanza kutoa leza kwenye miliampea kama 35 na kazi yake ya kawaida ni karibu 110. Mpaka wa 500 kwa diodi ya 110 ni sawa na kutokuwa na mpaka. Mpaka hauzuii kishindo cha klipu, nikiri hilo, ila unazuia kidole kilichoteleza, na maabara ya wanafunzi ina vidole vingi. Tukauweka 90, tukiwa bado kwenye diodi ya uongo, kisha nikamwambia binti azungushe kitufe bila huruma. Kikafika 90 kikagoma. Rezista ikasema 90.2. Sasa tulikuwa tunajua, siyo tunaamini.

Kwa nini 90 na si 110? Maalim aliuliza hivyohivyo. Kwa sababu wekundu wa klorofili ulionekana vizuri kwenye 70, takriban miliwati 50 za mwanga, na sioni faida ya kuisukuma diodi mpaka ukingoni ili kupata mwanga usio na kazi.

Niliahirisha habari ya macho, lakini mezani sikuiahirisha. Niliishughulikia kabla ya kuwasha chochote. Naileta hapa kwa sababu ndiyo iliyonikosesha usingizi usiku ule, si diodi. Miale ilikuwa inasafiri sentimita 120 hivi kutoka sakafuni. Kaa kwenye kiti cha maabara, utaona jicho lako liko wapi. Miwani waliyokuwa wakivaa ilikuwa miwani ya jua.

Leza ya zambarau hudanganya. Jicho la binadamu halioni vizuri nanomita 405, kwa hiyo miliwati 50 huonekana kama mwanga mpole wa mapambo. Ukiipiga kwenye kanzu nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya unga, kanzu inawaka buluu na mtu anadhani ndiyo nguvu yenyewe, kumbe ni dawa ya sabuni inayong'aa. Nguvu halisi inaingia kwenye jicho kimya, lenzi ya jicho inaikusanya iwe nukta juu ya retina, na retina haina mishipa ya maumivu. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1, leza kati ya miliwati 5 na 500 ya aina hii ni daraja 3B, maana yake kuitazama miale moja kwa moja, au ikirudi kutoka kwenye kitu kinachong'aa kama saa ya mkononi, ni hatari hata kwa muda ambao jicho linahitaji kufumba. Miwani ya jua haisaidii. Inafanya mboni ifunguke zaidi, tena kioo chake hakikuahidi lolote kuhusu 405. Inayotakiwa ni ile iliyoandikwa nanomita inazozuia na kiasi chake. OD 4 maana yake inapitisha sehemu moja tu katika elfu kumi.

Niliwauliza wanafunzi mmoja mmoja kama kuna aliyeona doa lisiloondoka, au mistari iliyonyooka ikaonekana imepinda. Hakuna. Alhamdulillahi. Hata hivyo nilimwomba Maalim awapeleke kupimwa macho, kwa sababu mtu mwenye macho mawili anaweza kupoteza kipande cha moja asijue.

Kisha nikauliza kuhusu kizibo cha nyuma. Vidhibiti vya namna hii vina tundu la usalama wa mlango: waya mbili zinazotakiwa kwenda kwenye swichi ya mlango wa chumba, mlango ukifunguliwa leza inazima. Hapa tundu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha waya kilichopindwa. Tukakitoa, tukavuta waya hadi kwenye swichi ndogo mlangoni. Seremala wa jirani akatutengenezea sanduku la mbao, ndani likapakwa rangi nyeusi isiyong'aa, miale ikashushwa chini ya kiuno na kuishia ndani ya sanduku hilo.

Nimebakisha maji. Ndani ya kipande cha alumini, chini ya diodi ya pili, nilikuta alama nyeupe za chumvi na tone lililokauka. Kipoza kilikuwa kimewekwa nyuzi 20, kwa sababu mwongozo walioupata ulisema 20. Mwongozo huo uliandikwa na mtu wa nchi baridi. Siku ile chumba kilikuwa nyuzi 29 na unyevu wa asilimia 80, na kwa hewa ya namna hiyo umande huanza kutua kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi kama 25. Ni jambo lilelile la glasi ya maji baridi inayotoka jasho barazani. Diodi ilikuwa inatoka jasho, na jasho lina chumvi, na chumvi imekaa kati ya miguu mitatu iliyotenganishwa kwa milimita mbili tu. Haikuwa sababu ya kifo, lakini ingekuwa sababu ya kifo cha tatu, pengine masika.

Tukapandisha hadi 28. Diodi inapopata joto kidogo, rangi yake husogea sehemu ndogo sana ya nanomita kwa kila nyuzi, na klorofili haijali tofauti ya nusu nanomita. Kinachotakiwa ni utulivu, na nyuzi 28 zikisimama hapohapo zinatosha. Nilihakikisha pia kwamba waya za Peltier hazikupinduliwa. Thamista, ile rezista inayopima joto la diodi, kwa aina hii ni kiloomu 10 kwenye nyuzi 25, na kwenye 28 hushuka hadi 8.8 hivi, ukiamuru baridi na namba hiyo ikaendelea kushuka, Peltier inapasha moto badala ya kupoza, uizime haraka. Mkondo wa kipoza nao ukapewa mpaka wake, ampea 1.

Jumapili ikawa siku ya kulehemu. Tulitafuta kiunganishi cha pini tisa chenye skrubu mbili za kukazia, tukalehemu waya mbili zilizosokotwa pamoja ndani ya ganda la nyavu, urefu usiofika mita moja. Hakuna klipu tena. Upande wa diodi nikaweka soketi ndogo na kando yake daraja la waya linaloweza kuchomolewa, linalounganisha miguu ya diodi ili umeme tuli usiwe na pa kupita. Hewa ya Pemba yenye unyevu hutusaidia dhidi ya umeme tuli, na ndiyo maana mafundi wengi wa kwetu hatuuogopi. Siku kiyoyozi kitakapotengenezwa, ulinzi huo utaondoka. Kwa hiyo Maalim alipofungua kabati, alifungua akiwa amevaa bangili ya ethi mkononi.

Diodi ile hatukuipima kwa mita. Mita nyingine zinatumia betri ya volti 9 kupima omu, na diodi ya leza ikipewa volti zaidi ya 2 hivi kinyumenyume inaweza kuharibika. Tulisoma karatasi yake, tukajua mguu upi ni upi na upi umeshikana na bomba, tukaamini karatasi.

Bado umeme wenyewe. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na hali ni bora mno kuliko enzi za majenereta ya dizeli ya Wesha. Unakatika hata hivyo, na unaporudi hurudi kwa kusitasita, unakuja, unaondoka, unakuja. Sikutaka kidhibiti kipitie kusitasita huko. Kwenye laini yake tukafunga kontakta yenye kitufe: umeme ukikatika inaachia, ukirudi haijifungi mpaka mtu aje aibonyeze kwa mkono. Kwa kazi hii naipenda kuliko UPS, ile betri ya akiba. Kipimo cha mwani kinaweza kusubiri.

Jioni ikafika. Daraja la waya likiwa mahali pake, diodi ikachomekwa, skrubu zikakazwa, kidhibiti kikiwa kimezimwa. Sanduku likafungwa, mlango ukafungwa, wote wamevaa miwani tuliyoazima Unguja. Maalim akabonyeza kontakta. Akawasha kipoza pekee, tukasubiri dakika kumi mpaka 28.0 ikasimama bila kuyumba. Binti akachomoa daraja kupitia tundu dogo. Kitufe kiko sifuri. Ufunguo ukageuzwa, sekunde kadhaa zikapita kama kifaa kilivyoundwa, taa ya onyo ikawaka. Akaanza kupandisha: kumi, ishirini, thelathini, na mwanga hafifu tu. Kwenye 36 chembechembe zikatokea kwenye kipande cha karatasi ndani ya sanduku, na binti akacheka kwa sauti.

Tukaweka kipande cha mwani mbichi cha kutoka pwani asubuhi ile, na kichujio chekundu mbele ya kamera. Kikawaka chekundu kama kaa la mkaa.

Kuzima kulikwenda kinyume chake: mkondo hadi sifuri, ufunguo, daraja la waya, kipoza, kontakta. Maalim ameyaandika yote kwa mkono wake kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, imebandikwa juu ya kidhibiti ndani ya plastiki. Diodi ya uongo nimemwachia. Kila mwanafunzi mpya anafanya mazoezi ya kuwasha na kuzima juu yake kabla hajapewa ufunguo. Kila Jumatatu wanaandika mkondo ambao chembechembe zinatokea. Mara ya mwisho aliponitumia daftari ilikuwa wiki ya kumi na tisa, na namba ilikuwa bado 36.